Debe la Kihiyo

Haya alinisimulia shoga yangu Mwanaidi, mwaka ule wa mvua nyingi, tukichambua mchele wa arusi.

Kihiyo alikuwa na mashine ya kusaga unga. Kila akiiwasha, umeme wa mtaa ulishuka, taa zikawa nyekundu kama makaa. Na nyumba ya pili alilala Mzee Mbwambo, aliyevuta pumzi kwa mashine ya hewa, nayo umeme ukishuka huzimika. Basi Kihiyo akaahidi kugonga debe mara tatu kabla ya kusaga, ili mke wa mzee, Bi Nambua, awahi kuihamishia mashine ile kwenye betri.

Mchana mmoja aligonga. Siku zote Bi Nambua huitikia, "Tayari, mwanangu!" Siku hiyo kimya. Akagonga tena. Kimya. Kihiyo akatoka mbio hadi kwa mzee.

Akamkuta mzee amelala, mashine inavuma taratibu. Bi Nambua naye usingizi umemchukua hapo hapo kitini, kidole kingali juu ya swichi ya betri.

Kihiyo akarudi akinyata.

"Hatusagi leo?" akauliza mwanamke mwenye gunia la mahindi.

"Shusha mzigo, dada. Bibi kalala."

"Na wanangu wale nini?"

"Wachemshie mihogo."

Yule mama akacheka, akajiegemeza kwenye gunia lake, na punde akawa anakoroma. Kihiyo akalipindua debe, akalikalia ili mtu asije akaligonga, akasinzia.