Sauti ya Kitindamimba

Simu ya mama iliita dakika moja kabla ya taarifa ya saa saba mchana. Niliipokea mlemle studioni, nimeegemea trei za mayai tulizobandika ukutani kuzuia mwangwi.

"Mwanangu, tumegeuza," alisema huku akihema. "Mimi, dada yako na wanawe. Tunarudi nyumbani. Daraja lile pale, nimeshaliona."

"Mmegeuza kwa nini, mama?"

"Si umesema wewe! Asubuhi, redioni. Adui katimuliwa, daraja liko mikononi mwetu. Jirani akaguna, eti redio ni uongo mtupu. Nikamwambia, koma! Huyo ni kitindamimba wangu, namjua hata akikohoa."

Daraja lilikuwa limetekwa na adui tangu alfajiri. Nililijua hilo, na mkuu wa habari aliyeniletea karatasi alilijua pia. "Soma kwa bashasha," aliniambia. "Watu wakitoroka wote, mji umekwisha." Nilirekodi mara tatu, mpaka sauti yangu ikatabasamu.

"Mama, simama hapo hapo! Geuzeni tena, msilikaribie daraja!"

"Sikusikii vizuri, baba. Kuna wanajeshi wanatupungia mkono."

Nyuma ya kioo, fundi mitambo aliinua vidole vitatu, kisha viwili. Mbele yangu ilikuwa karatasi ileile ya asubuhi.

"Mama, hao si wetu!"

Taa nyekundu ikawaka. Simu ilikuwa bado sikioni, naye alikuwa anacheka.

"Ngoja niwaambie mimi ni mama wa nani."