Dirisha la Jikoni

Kibibi alichomeka flashi ya mumewe kwenye kompyuta ya dukani. Ndani yake mlikuwa na mfumo huria wa kuendeshea kompyuta aliokuwa akiutumia marehemu, na mchoro wa nyumba aliyotaka kuwajengea, usioonekana bila kadi ya picha.

"Hii kadi ya picha ni mpya, dada," alisema Kitwana, muuzaji.

"Iwashe kwanza."

Skrini ikabaki nyeusi.

"Hii inataka kiendeshi cha kiwandani, ile programu ya kuiendesha, na wenyewe wamekifungia. Ufute tu huo mfumo wako."

"Mchoro unafunguka humu tu. Nipe ile kadi ya zamani uliyozuilia mlango. Mume wangu aliandika kwenye daftari kwamba kiendeshi cha aina ile kiko wazi kwa kila mtu."

Kitwana akacheka. "Utaniachia mlango ujibamize." Lakini akaiokota, akaipuliza vumbi, akaifunga kwenye kompyuta.

Nyumba ikatokea kwenye skrini.

"Unatafuta nini humo?"

"Nilimwomba dirisha la jikoni. Tukagombana, akasema jua litazidi. Sijui kama aliliweka."

Kitwana akasogea. Kibibi aliizungusha nyumba polepole kwa kipanya: kibaraza, sebule, chumba cha watoto. Jiko lilikuwa nyuma. Lilipokaribia, akaondoa mkono, na nyumba ikasimama, pembe ya ukuta ikiwaelekea, upande wa jikoni ukiwa bado umefichika.