Miadi ya Uchochoroni

"Si hiyo suruali," Bronagh alimwambia mumewe. "Vaa ile kuukuu. Hospitali wataikata kwa mkasi."

Fergal akavua, akavaa nyingine. Bronagh akammiminia wiski katika kikombe cha chai, maana glasi zote zilikwisha fungwa ndani ya maboksi.

Katika mtaa ule wa Belfast, mtu akitakiwa uchochoroni huenda kwa miguu yake mwenyewe. Asipokwenda, wanamgambo wenye barakoa wanaojifanya mahakimu wa mtaa humfuata mpaka kitandani.

Maboksi yalipanda hadi ngazini. Mwenye nyumba alikuwa ameuza, na Ijumaa watu wa mahakama wangekuja kuwatoa. Vyumba viwili walikuwa wamepata, kwa shangazi yake Fergal, mjini Derry. Tatizo lilikuwa kufika huko na cherehani kubwa ya Bronagh na meza yake ya kukatia. Magauni ya komunyo aliyoshona juu ya meza ile ndiyo yaliyowalisha tangu kiwanda kimwachishe Fergal kazi. Kitakachobaki nyuma, waliambiwa, kitatupwa.

Waliomba kila mahali. Padri aliwapa pole. Mjomba mwenye lori aliacha kupokea simu. Dada mmoja wa ofisi ya serikali ya makazi aliwaambia kwa upole kwamba wao hawamo: gari la kuhamishia mizigo hutolewa kwa waliofukuzwa mtaani na wenye barakoa, si kwa waliotolewa na mahakama.

"Kunywa yote," Bronagh alisema. "Na usikimbie. Ukikimbia itakuwa mbaya zaidi."

"Nikimbilie wapi, mke wangu? Hata nyumba sina."

Akacheka peke yake.

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa ikinyesha, ile nyembamba isiyokoma. Kando ya mapipa ya taka alisimama mwanamume mmoja, barakoa nyeusi ya sufu imemfunika mpaka shingoni. Mkononi alishika fimbo bapa ya mchezo wa hurling, mbao ngumu iliyozungushiwa bati kwenye ncha.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Mwanamke arudi ndani."

"Sirudi," Bronagh akajibu. "Fanya kilichokuleta, mwoga wee! Au mkono umekufa ganzi?"

Pigo la kwanza lilimpata Fergal juu ya goti. Akaanguka, pua ikagonga sementi. La pili likatua mgongoni, jingine mbavuni, na pumzi ikamtoka kwa mkoromo ambao mkewe hakuwahi kuusikia. Damu ikaingia mferejini pamoja na maji ya mvua.

Dirisha la jirani likafunguka kidogo. Alikuwa Bi Gribben, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Jamani, amefanya nini huyo?"

"Hawampigi mtu bure," mumewe akajibu kutoka ndani. "Hebu funga, mama, baridi inaingia!"

Dirisha likafungwa. Sauti ya televisheni ikapanda.

Fimbo ikarudi mguuni. Fergal akauma mkono wa sweta yake, akapiga yowe ndani ya sufu. Fimbo ikapanda tena, ikashuka palepale, na bati likachana suruali kuukuu na nyama iliyokuwa chini yake. Bronagh hakulia. Alisimama na koti la mumewe kifuani, bila kupepesa macho.

"Usoni usimguse!" alifoka fimbo ilipoyumba juu. "Nimesema usoni hapana!"

Mwenye barakoa akageuka kumtazama. Akapiga mara nyingine, kwa nguvu ndogo kuliko za mwanzo, kisha akaishusha fimbo.

"Basi," alisema, sauti ikakatika. "Inatosha."

Kutoka kwa kina Gribben zilisikika kelele za watu wakishangilia bao.

Fergal akajiburuta hadi kwenye pipa, akaliegemea. Akaupapasa mguu wake polepole kutoka gotini hadi kwenye kifundo, akikunja uso kila kidole kilipogusa. Kisha akauinua kwa mikono yote miwili, akaulaza juu ya ukingo wa mfereji, chini pakiwa wazi.

"Haujavunjika, shemeji," alisema, akitema damu. "Kwa michubuko hawatatupatia gari. Piga tena."