Kabari ya Noti ya Mwisho

Gwiji wa piano, bibi wa miaka themanini, aliinua kidole apige noti ya mwisho. Hapo ndipo mimi, fundi wa piano ile, nilipojipapasa mfukoni nikakuta kabari moja tu ya mpira, kati ya mbili ninazozimia nyuzi ninapozirekebisha sauti. Ya pili niliisahau ndani, imebana nyuzi za noti hiyohiyo!

Kidole kikashuka. Kimya.

Mara ukumbi mzima ukalipuka kwa vifijo, mzee mmoja akarusha kofia.

“Baba watoto, umeisikia ile ya mwisho?” mke wangu, aliyeketi kando yangu, alisema huku akilia. “Nywele zimenisimama!”

Jukwaani, bibi alichomoa kabari, akaifumbata, akanitazama na kuweka kidole mdomoni.

“Nimeisikia,” nikasema. “Mimi nusura moyo unisimame.”