Nyumba ya Mke Mwenza

Vita vilipokwisha, mume wa Anyiko alirudi Kiogoro na mke wa pili, kisha akamwambia Anyiko ampambie bibi arusi nyumba, kwa kuwa michoro yake ya udongo kwenye kuta ilisifiwa mpaka Nyaramba.

Anyiko alikanyaga udongo akiwa na nia moja tu, ya kuharibu. Angeukoroga vibaya ili ukikauka ubanduke wote.

Lakini mikono ilimwasi. Kila alipopaka udongo mwekundu, vidole vilitafuta mweupe wa kuutuliza. Hasira aliyoimeza tangu asubuhi ilitoka kama mawimbi yanayopandana ukutani, meusi kwa masizi, na hakuna mstari uliotetemeka. Alipochutama kupumzika, aliona kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri kama hicho, hata nyumbani kwake mwenyewe. Akatamani kulia.

Mume aliingia, akatazama. "Kumbe siku zote ulikuwa unaninyima," alisema akicheka, akatoka.

Bibi arusi, msichana mdogo tu, alibaki mlangoni. "Asante, dada. Sikutegemea."

"Kitanda kitakaa wapi?" Anyiko aliuliza.

Msichana akaonyesha.

Anyiko alichovya kiganja katika udongo mweupe, akakikandamiza ukutani, juu ya pale pa kulaza kichwa, mpaka vidole vyote vikajichora. Udongo ulimchirizika hadi kwenye kiwiko.

"Hiyo ni nini, dada?"

"Ni mkono wangu," alisema Anyiko, akaenda kunawa.