Goti la Kushoto

Nyuma ya choo cha uwanja, wakati wa mapumziko, msusi alimvua binti yake jezi mbiombio. Goti lilikuwa limechunika, damu ikichuruzika hadi kwenye soksi. Pacha wake alikuwa keshanyoosha mikono kuipokea jezi.

Klabu ilimjua mmoja tu. Ada ya wawili ingewatoa roho, basi kila mmoja alicheza kipindi chake, na wazazi wengine jukwaani wakavumisha: "Mtoto yule ana mapafu ya mbwa!"

"Mama msusi!" kocha aliita. "Mlete nilione hilo goti kabla hajaingia!"

Msusi alilitazama goti la pacha, laini kama yai.

"Ni la kushoto, eh?" pacha alinong'ona, akichutama kwenye kokoto. "Mama, geukia kule."

Msusi akageuka.