Gome la Mkungu wa Mama

"Ukiupiga mti huu, umempiga mama!" mshonaji alipiga kelele, amelikumbatia shina la mkungu kwa mikono miwili. Mdogo wake, seremala, alikuwa ameshainua shoka.

Kufumba na kufumbua majirani walijaa uani. Wengine walikuja kuamua ugomvi, wengine kutazama tu, maana ndugu hawa hawakuisha vituko tangu mama yao azikwe. Seremala alitaka nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake. Dada yake hakuwa na pengine pa kwenda. Humo ndimo alimolala, humo ndimo alimoshona, na cherehani yake ilikaa barazani, hatua chache kutoka kwenye mti.

Aliitwa mjomba wao, aliyeachiwa wosia, akarudia aliyoyasema msibani.

"Marehemu alitamka mbele yangu. Mkungu ukiwa hai, nyumba haiuzwi. Atakayeuua hana fungu, nyumba ni ya mwenzake. Haya, kata tuone."

Seremala alilitupa shoka chini. "Mtu mzima nanyimwa haki yangu kwa ajili ya mti!" Akamgeukia dada yake. "Kaa nao. Ikiwezekana uolewe nao."

"Na wewe nenda ukalale na randa zako!"

Mama yao alikuwa akitibu watu kwa mkungu huo. Majani machanga aliyaponda akawapaka watoto wenye upele. Yaliyoanguka aliyachemsha mpaka maji yakawa na rangi ya chai, wenye ukurutu wakayaogea. Gome alilitoa kwa nadra, kwa mtu aliyeharisha mpaka akaishiwa nguvu, tena kijipande kisichozidi kidole gumba. Ukimwomba zaidi, alikufukuza. Mshonaji aliona ule ni uchoyo wa kizee tu.

Baada ya ugomvi ule, watu walianza kuja kuomba gome. Wa kwanza alikuwa mama muuza mkaa, mgeni mtaani, tumbo limemwendesha mpaka macho yameingia ndani.

"Nimeelekezwa," alisema, amejishika kiuno. "Ila nimeambiwa nisikubali la karibu na kovu la zamani, eti halina nguvu. Litoke upande mzima, usawa wa kiuno."

"Nani kakwambia?"

"Mtu tu, tulikutana njiani. Anasema yeye lilimponya."

Mshonaji alibandua kipande kikubwa, akampa. Mama yule alipona. Wakaja wengine, na wengine, kila mmoja akiomba gome la upande mzima, na kila mmoja kaelekezwa na mtu tu, njiani.

Seremala alipopata habari alikuja juu.

"Unawanywesha watu magome! Ukimuua mtu, polisi usinitaje. Takataka hizo hazitibu hata mafua!"

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakamzomea. Mshonaji alisikia raha mpaka kwenye mifupa. Kwa kumkomoa tu, akachukua kisu akabandua mapande mapana, akayagawa bure mbele ya macho yake.

"Umeona? Hawa wote wako upande wa mti. Lete shoka lako sasa!"

Seremala aliondoka akitukana. Alirudi tena kutukana, na tena. Kila alipotukana, dada yake alibandua zaidi. Alikuwa na hasira naye kiasi kwamba hata shina hakulitazama vizuri. Kisu kilihama upande hadi upande, mpaka siku moja mgonjwa alilizunguka shina lote asione mahali pazima.

Majani yakawa mekundu. Mshonaji hakushtuka. Mikungu ndivyo ilivyo, huwa myekundu, ikapukutika, ikavaa upya. Aliyafagia akayajaza kwenye magunia kwa ajili ya wenye ukurutu, akangoja machipukizi. Hayakuja. Vilivyoanza kudondoka juu ya bati ni vitawi vikavu, na upepo wenyewe haukuwapo.

Seremala ndiye aliyemleta mjomba. Safari hii hakutukana. Alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama pembeni, mikono nyuma.

Mjomba alikwaruza shina kwa ufunguo, akitafuta ubichi. Akakwaruza juu, akakwaruza tawini.

"Umekufa," alisema. "Nani kaufanya hivi?"

"Mjomba, nilikuwa natibu watu," mshonaji alisema, machozi yakimtoka. "Kama mama. Walikuwa wanaumwa, wananiomba!"

"Mimi sijaugusa," seremala alisema kwa upole. "Mtaa mzima ni shahidi. Nilimkataza, nikazomewa hapa hapa."

Majirani waliinamisha macho. Ilikuwa kweli, walimsikia akikataza, na wao wenyewe ndio waliomzomea.

Mjomba alimtazama mpwa wake wa kike kwa muda mrefu. Alimpenda huyu kuliko yule, na hilo lilizidi kumuuma. "Maneno ya marehemu siwezi kuyageuza," alisema. "Aliyeuua hana fungu. Kusanya vitu vyako, mwanangu."

Mshonaji alikaa chini mavumbini. Seremala alikuwa ameshaanza kupima baraza kwa macho, akisogeza cherehani kwa mguu.

Hapo mlangoni pakabishwa hodi. Mama muuza mkaa aliingia, mnene, ana afya tele, kajitwika kigunia cha mkaa, shukrani kwa aliyempa dawa. Alipoinua macho na kumwona seremala, alikitua kigunia akapiga kigelegele.

"Jamani, kumbe unaishi hapa, kaka yangu! Wenzangu wote uliowaelekeza nao waje kuchukua gome la upande mzima wamepona, na kwa nauli uliyotutolea wanasema Mungu akuzidishie!"